Kambi zimejaa Djibouti, mbona meli zilizunguka?

SWALI: Kapteni, habari za Kisumu? Mimi hukusanya maparachichi ya Hass kwa wakulima wa upande wa Nakuru, tunapeleka Ulaya kwa meli. Mwaka 2024 kontena zetu zilizungushwa Rasi ya Tumaini Jema, huko Afrika Kusini, safari ikarefuka zaidi ya wiki, na matunda mengine yakafika yameanza kulainika. Nasikia Djibouti, karibu kabisa na mlango wa Bahari ya Shamu, kuna kambi za Wamarekani, Wafaransa, Wajapani na Wachina. Hizo kambi ni za kazi gani ikiwa meli zinakimbia?

JIBU: Dada, pole kwa hasara. Swali lako wanajeshi wenyewe hulikwepa.

Kambi ya wanamaji si askari wa geti. Ni petroli stesheni yenye gereji, ghala, zahanati na uwanja wa ndege. Manowari ikiwa baharini hula mafuta, chakula na vipuri, na mabaharia huchoka. Hesabu yetu ya zamani ni kwamba ukitaka meli moja iwe doria siku zote, uwe na tatu: moja kazini, moja njiani, moja karakana. Ukipata gati karibu, ile ya njiani karibu unaiokoa, na mabaharia unawabadilisha kwa ndege. Kutoka Djibouti hadi Bab el-Mandeb, ndio huo mlango wa Bahari ya Shamu, ni kama kilomita 120. Manowari ikienda polepole, kilomita 28 kwa saa, inafika kwa saa nne na ushei. Ikitokea Ulaya au China, hesabu siku, tena nyingi. Ndiyo maana Japani ilijenga hapo 2011, na China ikafungua kambi yake ya kwanza ya ng'ambo 2017. Marekani, ilipoongeza mkataba wake 2014, ilikubali kulipa kama dola milioni 63 kwa mwaka. Djibouti, mwenye nyumba, anajua thamani ya ploti yake!

Lakini kukaa karibu na mlango si kuumiliki. Sijui kama umewahi kufika Luanda K'Otieno, ufukweni mwa Ziwa Victoria. Hapo ghuba yetu ya Winam hubanwa na kisiwa cha Rusinga, na boti za Kisumu zinazokwenda ziwa kuu hupita hapo. Ukikaa ufukweni utazihesabu zote. Sasa mtu wa ng'ambo, upande wa Mbita, akianza kurusha mawe, wewe wa Luanda utamzuia vipi? Utayadaka mawe mpaka mikono ichoke.

Bab el-Mandeb ni hivyo hivyo. Upana wake pale pembamba ni kama kilomita 30, na kisiwa cha Perim kinaugawa. Meli kubwa hutumia njia ya magharibi. Djibouti iko Afrika. Wahouthi, kundi lenye silaha lililokuwa likishambulia meli, wako Yemen, ng'ambo. Tangu Novemba 2023, walipoiteka meli ya Galaxy Leader, waliendelea kurusha droni na makombora kutoka nchi kavu. Manowari zilidungua mengi. Ila kombora la kudungulia linaweza kugharimu dola zipatazo milioni 2, na droni ni ya bei rahisi mno. Mwenye meli hahesabu yaliyodunguliwa. Anahesabu lile moja litakalopenya, pamoja na bima inayopanda kila wiki. Akaona heri aunguze mafuta kuzunguka Rasi.

Kwa hiyo kambi zilifanya kazi yake: bila gati la karibu, kusindikiza meli kungekuwa kugumu zaidi. Kilichokosekana ni ng'ambo ya pili, na hiyo hainunuliwi kwa kodi ya Djibouti.

Kwa upande wako, usivune kwa kufuata kalenda ya mwaka jana. Muulize wakala meli inapita wapi kabla hujapeleka wachumaji shambani. Hass haiivi ikiwa mtini, kwa hiyo iliyokomaa inaweza kungoja hapo wiki kadhaa. Ndani ya kontena haingoji.