Hema Mbudya au gari Kigamboni: anza na mwezi, tarehe itafuata

Kosa kubwa la watu wa Dar wanaopanga kulala kisiwani kama Mbudya ni kuanza na tarehe ya mshahara. Fedha imeingia, kundi la WhatsApp limekubaliana: Jumamosi saa 4 asubuhi, Kunduchi. Wanafika na mahema, madeli ya barafu na spika, wanakuta bahari imehamia kule mbali na boti imekaa juu ya mchanga. Nahodha anawaambia bila haraka, "Maji yamekimbia, bosi. Tusubiri yarudi." Usiku uliopita mwezi ulikuwa mpevu na hakuna aliyetazama juu.

Pwani yetu maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku yanachelewa kwa dakika 50 hivi. Mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, pamoja na siku mbili hivi zinazofuata, ni bamvua: tofauti ya kimo kati ya maji kujaa na kupwa inapita mita 3. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, tofauti inashuka hadi mita moja hivi. Sasa shika hili, ambalo wavuvi wanalo kichwani bila jedwali: hapa Dar bamvua hujaa karibu saa 10 alfajiri na saa 10 jioni, na hupwa karibu saa 4 asubuhi na saa 4 usiku. Maji mafu ni kinyume chake, yanajaa mida ya saa 4 na kupwa mida ya saa 10.

Kwa hiyo ile saa 4 ya Jumamosi ndiyo saa mbaya kuliko zote siku za bamvua. Mtabeba madumu ya maji begani mkikanyaga majani ya bahari na mawe, mita mia na zaidi, mpaka boti ilipo. Halafu kuna baya la pili, ambalo watu hulijua wakiwa wamelala: maji yanafika juu kabisa saa 10 alfajiri. Hema lililopigwa jioni mahali palipoonekana pakavu linaamka na maji godoroni. Bamvua za Machi na Septemba ndizo kubwa kupita zote za mwaka, basi miezi hiyo ongeza tahadhari.

Siku nzuri ya kuondoka ni ya tatu au ya nne baada ya mwezi mpevu. Maji yanajaa karibu saa 1 asubuhi, boti inasogea hadi ufukweni, mnapakia bila kulowa zaidi ya magoti. Mchana maji yanapwa na mnaogelea palipotulia. Mwezi unachelewa kuchomoza, kwa hiyo mnapata saa kadhaa za nyota kabla haujatoka. Ukikosa siku hiyo, chukua maji mafu. Ukilazimika kwenda na bamvua, basi ondoka alfajiri kabla maji hayajashuka, au mchana saa 8 yakiwa yanapanda.

Kuhusu miezi sitasema mengi. Kuanzia katikati ya Machi hadi Mei ni masika, kaa nyumbani. Juni hadi Agosti ni kusi: hewa nzuri, usiku wa kujifunika, ila upepo unaamka mchana na bahari inachafuka, hivyo vuka asubuhi. Septemba mwishoni na Oktoba upepo unalegea, na kwa maoni yangu hakuna wakati bora zaidi. Desemba hadi Februari ni kaskazi, joto la kukosesha usingizi ndani ya hema lisilo na madirisha ya wavu pande mbili. Mwezi wowote, angalia tahadhari za Mamlaka ya Hali ya Hewa siku mbili kabla. Wakitaja upepo mkali na mawimbi makubwa, ahirisha, hata kama nahodha anasema "hiyo kawaida".

Visiwa vya Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini ni maeneo tengefu ya bahari tangu 1975. Maana yake kuna kiingilio, kuna ada ya kulala, na unalipa kwa kontrol namba (namba ya malipo ya serikali), si mkononi mwa mtu. Raia na mgeni hawalipi sawa, kwa hiyo peleka idadi ya kila kundi mapema na uombe kibali cha kulala kabla ya kulipa boti. Mbudya ndiyo iliyozoeleka kwa mahema, na boti zake zinatoka Kunduchi. Bongoyo, ambayo boti zake hutokea Slipway, Msasani, watu wengi huiendea kwa kutwa tu. Boti lipia nusu ya kwenda, nusu baada ya kurudishwa. Hesabu maboya ya kuvaa, moja kwa kila mtu, pamoja na ya watoto, kabla hamjapanda. Lifebuoy moja ya mviringo iliyoning'inizwa kwa urembo si boya la watu kumi.

Upande wa kulala ni ule unaotazama bara. Upande wa bahari kuu ni miamba mikali ya matumbawe inayopokea mawimbi yote, na ndiyo sababu upande wa pili maji yametulia. Usipige hema chini ya mnazi, hilo halihitaji maelezo. Mvinje una kivuli kizuri lakini matawi yake makavu hudondoka upepo ukizidi, basi tazama juu kabla ya kufungua begi. Kisha tafuta mstari wa maji. Hapa wengi hudanganyika: wanaona mwani mbichi uliosukumwa ufukweni, wanahesabu hatua tano juu yake, wanaridhika. Mwani huo ni wa maji ya leo au jana. Panda juu zaidi mpaka uone mstari mkongwe, wenye vijiti vilivyopauka, vifuniko vya chupa na vipande vya kamba ya nyavu. Hapo ndipo bamvua ilipofika. Hema likae juu ya mstari huo, pale mlakasa unapoanza kutambaa.

Vigingi vya chuma vinavyouzwa pamoja na hema ni vya udongo. Kwenye mchanga mkavu upepo unalitikisa hema, kigingi kinapanua tundu lake kidogo kidogo, usiku wa manane kimoja kinachomoka na vingine vinafuata. Viache nyumbani. Beba viroba vitupu vya unga vya kilo 5, kimoja kwa kila kamba, na viwili vya akiba. Jaza mchanga nusu, funga mdomo kwa kamba ya hema, kisha chimba shimo la dhiraa moja, yaani kutoka kiwiko hadi ncha za vidole. Laza kiroba kikingame na mwelekeo wa kamba, fukia, mwagia maji ya bahari ndoo moja, kanyaga. Mchanga uliolowa unashikana, mkavu hauna msimamo. Kamba itoke mchangani imelala, mfano wa kamba ya dau lililotia nanga, isisimame wima. Ikisimama inavuta kiroba juu. Tumia kamba ya manila, yaani ya nailoni, na kabla ya kulala ikaze tena kwa sababu ikipata umande hulegea. Kamba ya katani hufanya kinyume, ikilowa inajikaza mpaka inachana pete za hema.

Mlango uelekee pembeni mwa upepo. Ukielekea upepo, hema linajaa kama tanga. Ukiupa mgongo kabisa, ndani hakuna hewa.

Maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, ya bomba au kisima kisiwani hakuna. Kwa joto letu hesabu lita 4 za kunywa kwa mtu mzima kwa siku, lita 2 za kupikia na kuosha vyombo (sufuria unaanza kuisugua kwa mchanga na maji ya bahari, ya baridi ni ya kusuuzia tu), na lita 2 za kujimwagia chumvi itoke. Jumla lita 8. Watu wanne, kuanzia Ijumaa asubuhi hadi Jumapili mchana, ni karibu lita 90, beba 100. Usiziweke kwenye madumu ya lita 20. Mtu anayetembea ndani ya maji ya magotini na dumu la kilo 20 kila mkono ataanguka, na dumu likiingia maji ya chumvi safari imeharibika. Chukua madumu kumi ya lita 10, na mwambie nahodha mapema kwamba mna kilo 100 za maji, maana anapanga uzito kwa kuhesabu vichwa.

Deli lisijazwe barafu ya kununua. Gandisha chupa za maji za lita moja na nusu, kumi au kumi na mbili kwa deli la lita 50, siku mbili kabla. Barafu ya vipande inayeyuka kuwa tope linaloingia kwenye nyama. Ya chupa ikiyeyuka mnainywa. Nyama iliyogandishwa iende chini, vinywaji juu, na juu ya kifuniko tandaza kanga iliyolowa, kivulini. Vinywaji vya watoto viweke kwenye deli la pili dogo. Deli hufa kwa kufunguliwa, na wa kufungua kila dakika tano ni watoto.

Chakula kina mtego mmoja tu mkubwa: tui. Wali wa nazi uliobaki usiku, asubuhi umeshachacha, na tumbo la kuendesha kisiwani ni balaa. Pika tui la kutosha mlo mmoja. Wa kubaki hadi chai upikwe kwa mafuta na chumvi. Chapati zifunge kwa kitambaa badala ya chombo kisichopitisha hewa, zisitokwe jasho na kuota ukungu siku ya pili. Samaki mnunue Kunduchi asubuhi hiyo hiyo, wapasuliwe hapo hapo.

Mkaa visado viwili unatosha usiku mbili, na mtungi mdogo wa gesi wa kilo 6 wenye kichomeo juu kwa chai na dharura. Moto usiwashwe chini ya mvinje wala juu ya majani yake makavu, unapenya kwenye mizizi na kufuka huko chini bila kuonekana. Na tafadhali, mkaa usifukiwe mchangani. Mchanga hauzimi kaa, unalihifadhi. Saa tatu baadaye mtoto anakanyaga mahali panapoonekana safi kabisa na nyayo inababuka. Uzime kwa maji ya bahari, ukoroge, umwagie tena, upapase kwa kiganja.

Usiku, kila kinacholiwa kiingie ndani ya chombo chenye kifuniko cha kubana na jiwe juu. Mbudya ina kaa wa minazi, mkubwa kuliko sahani, mwenye gando la kupasua nazi. Hana fujo na watu, ila anaondoka na chochote chenye harufu, hata kandambili iliyomwagikiwa mchuzi. Anahifadhiwa, basi mmulike, mshangae, mwache. Kombe na matumbawe nayo yabaki yalipo. Kuogelea vaeni viatu vya raba, mawe yamejaa wale viumbe wa miiba mirefu myeusi, na mwiba wake ukikatikia ndani ya kisigino hautoki kwa pini.

Wenye magari ya kulalia au hema la juu ya gari, kwenu ni kusini, Kigamboni: Mjimwema, Gezaulole, hadi Kimbiji. Ukitoka mjini na mzigo, pita Daraja la Nyerere, uepuke foleni ya pantoni. Lala kwenye maeneo yenye mlinzi, maji na choo. Ufukwe wazi usio na mtu si wa kulala.

Njia za mwisho za kuingilia ni mchanga. Noah na IST ziishie kwenye ardhi ngumu. Forwili inayotembelea upepo wa psi 32 hadi 35, shusha hadi 18 kabla hujaingia, si baada ya kukwama. Tairi linatanuka chini na kuelea juu ya mchanga. Nenda polepole bila kusimama, usikate kona kali, tairi lenye upepo mdogo linaweza kutoka kwenye rimu. Gari likianza kuzama, toa mguu kwenye mafuta papo hapo. Ukiendelea kukanyaga unachimba kaburi mpaka difu inakaa mchangani. Shuka na koleo, ondoa mchanga mbele ya matairi yote manne na chini ya difu, shusha upepo hadi 15, weka mbao mbili au mkeka wa gari chini ya matairi yanayovuta, kisha toka kwa gia ya chini. Pampu ya kuchomeka kwenye gari ni lazima, maana kurudi kwenye lami na upepo wa 15 ni kuua tairi.

Usiendeshe ufukweni kwenyewe. Fukwe za kusini kasa hupanda kutaga, na mayai hukaa mchangani karibu miezi miwili bila alama yoyote. Taa kali za gari na za kambi huwapoteza vitoto vyake, vinaelekea barabarani badala ya baharini. Taa iwe hafifu, itazame chini.

Vile viroba vya kushikia hema, siku ya kuondoka vimwage mchanga vigeuke vya taka. Mifuko ya plastiki ilishapigwa marufuku tangu Juni 2019, na kila mlichoingia nacho mnatoka nacho, hata maganda ya maembe.

Nyumbani, kabla ya kulala, gari lipigwe maji ya bomba chini kwa chini, hasa kwenye springi na breki. Hema lisikae begini usiku hata mmoja. Suuza zipu kwa maji ya uvuguvugu, zisugue na mswaki mkuukuu chembe za chumvi zitoke, anika kivulini hadi mishono ikauke, kisha pitisha kipande cha mshumaa kwenye meno ya zipu, kwenda na kurudi.