Tafsiri bila Kiarabu?

Ndugu yangu wa Arua, umeuliza kama unaweza kusoma tafsiri ya Qur'ani, yaani ufafanuzi wa maana za aya, kwa tarjuma ya Kiswahili peke yake, bila Kiarabu. Kuanza unaweza, ila usiishie hapo.

Chukua Surat al-Maun. Aya ya 4 inasema "ole wao wanaosali". Ukikatia hapo, umepotea. Aya ya 5 ndiyo inayoeleza ni wasalio gani. Na humo mna neno dogo: imesemwa *'an salatihim* (kuhusu sala zao), siyo *fi salatihim* (ndani ya sala zao). Yaani wanaoipuuza sala yenyewe, siyo mtu aliyesahau rakaa ndani ya sala, na nani kati yetu hajasahau? Mimi nilipofafanuliwa hilo kwenye darsa baada ya Magharibi, hapa Kampala, nilishusha pumzi. Tarjuma hulipita upesi.

Kwa hiyo anza nahau na sarfa, yaani sarufi ya Kiarabu, sasa hivi, hata nusu saa kwa siku. Kisha mtafute shekhe akusomeshe Jalalayn, kitabu cha tafsiri, ni fupi: aliianza al-Mahalli, akafariki 1459, akaikamilisha mwanafunzi wake as-Suyuti. Ibn Kathir, mwenye tafsiri ndefu zaidi, utamfikia baadaye. Juzuu Amma, ile ya mwisho ya Qur'ani, kwanza; sura zake unazisoma kila siku katika sala.