Upinde wa babu: nipige shabaha au niutundike ukutani?

SWALI: Shikamoo mzee. Babu yangu wa Kitui ameniachia upinde wake wa mti na podo lenye mishale. Upinde umebaki umejikunja hata bila ugwe. Je, niunyooshe kwa moto, niupake vanishi? Nataka kupiga nao shabaha.
Mjukuu, Athi River

JIBU: Marahaba. Podo hukuniuliza, na ndilo linalonitia wasiwasi. Mishale mingi ya zamani ya Ukambani ilipakwa sumu ya msunguti, inayochemshwa hadi iwe nyeusi kama lami. Sumu hiyo husimamisha moyo. Wazee waliviringishia vyembe ngozi laini ili isikauke wala isimchome mwenye podo, na ikitunzwa hivyo hukaa na makali miaka mingi. Ukiiona ngozi hiyo, usiifungue, usikwaruze. Funga podo, weka mbali na watoto, kisha uwaulize Makumbusho ya Taifa pale Nairobi. Mishale ya shabaha nunua mipya.

Ila kabla ya kulifunga, pima mshale mmoja kwa macho tu. Urefu wake unakuonyesha babu alivuta hadi wapi, nawe usipite hapo.

Moto hapana, vanishi hapana. Mkunjo huo ni wa kazi, uache. Paka mafuta ya kitani kidogo kwa kitambaa. Halafu pitisha pamba mgongoni mwa upinde, yaani upande unaoelekea shabaha: ikinasa, pana ufa au kibanzi, na hapo jibu ni ukutani.

Ukiwa mzima, ugwe wa zamani usiuamini. Weka wa dakroni, uzi wa poliesta, maana hunyumbuka kidogo. Zile nyuzi za kisasa zisizonyumbuka hupasua ncha za pinde za zamani. Anza kuvuta shubiri moja, rudisha taratibu, ongeza siku nyingine. Usiachie ugwe bila mshale hata kwa mzaha, kwa kuwa nguvu yote huurudia mti. Ukimaliza, vua ugwe.

Shabaha iwe gunia la matambara; uwindaji Kenya ulipigwa marufuku mwaka 1977, na kanga wa jirani pia ni wa jirani.

Usipoweza kuuvuta, usiuchonge uwe mwembamba. Pinde za kuwindia tembo za Wawaata, wawindaji wa jadi wa Tsavo, zilihitaji nguvu ya zaidi ya kilo 45, na babu yako huenda alikuwa na mabega yenye nguvu kuliko yako. Mpe binamu ajaribu.