Mila za watu wa kuhamahama katika hadithi ya kubuni: anza na mzigo, sherehe zitafuata

Ndugu yetu ameuliza namna ya kuwapa mila na desturi watu wanaohamahama katika riwaya yake ya fantasia, na analalamika kwamba kila anachoandika kinaishia kwenye mahema, farasi na ngoma za usiku. Mimi nimeishi kichwani na watu wa namna hiyo kwa miaka sita, katika riwaya ambayo bado sijaimaliza, kwa hiyo nitajibu kwa kueleza nilikokosea.

Watu wangu wanaitwa Waondo. Hilo ni jina walilopewa na wenye miji, ambao huwaona wakiondoka tu. Wao wenyewe hujiita Wafikao. Katika rasimu ya kwanza niliwapa mavazi, salamu, miungu saba na sikukuu nne, kisha nikawaweka njiani. Kuna mahali mzee wa Kiondo anatamka, kwa busara kubwa, kwamba mgeni ni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Msomaji wangu wa kwanza akaniuliza: jembe la kulima wapi? Nilipoirudia rasimu kwa jicho hilo niligundua kwamba nilikuwa nimeandika wakulima waliohamishiwa kwenye mahema. Waliapa kwa ardhi ya baba zao, walimsifu kijana kwa kuota mizizi, na bibi mmoja alisafiri na jiwe la kusagia ambalo punda yeyote angeligomea kabla ya adhuhuri.

Tangu hapo huwa siulizi kwanza watu hawa wanaamini nini. Nauliza wanahama kwa sababu gani, na je, watapita tena hapo walipolala jana? Wafugaji wanaozunguka na malisho hurudi: Wabakhtiari wa Iran, kwa mfano, wamekuwa wakivuka milima ya Zagros na mifugo yao mara mbili kwa mwaka, kuelekea malisho ya kiangazi na kurudi. Watu wa namna hiyo wanaielewa vizuri methali yetu isemayo mwacha ago hanyele, huenda akauya papo, yaani anayehama kambi asiichafue, huenda akarudi papo hapo. Kwao kuchafua kisima ni kosa zito kuliko wizi, na sikukuu zao hazifuati tarehe bali njia, kwa mfano siku ambayo mnyama wa mwisho amevuka mto. Waliokimbia vita ni watu wengine kabisa, kwa sababu hawana hakika ya kurudi, na mila zao nyingi ni za kukumbuka mahali ambapo watoto wao hawajawahi kupaona. Na wahunzi au wachuuzi wanaofuata wateja wana mila za aina mbili, za kuonyeshwa na za kufichwa. Ukichanganya makundi haya matatu bila kujua, msomaji ataona kuna kitu hakikai sawa, hata kama hawezi kukitaja.

Likifuata swali la pili, la mzigo, yaani wanabeba nini na nani anakibeba, mila huanza kujizaa zenyewe. Kwa Wasomali wa kuhamahama, nyumba ya mikeka na fito zilizopindwa hujengwa na wanawake, nao huifungua na kuipakia juu ya ngamia siku ya kuhama. Kwa Watuareg wa jangwa la Sahara hema ni mali ya mke, ambaye huja nalo katika ndoa, na ndoa ikivunjika mwanamume ndiye anayebaki bila paa. Nilipolisoma hilo niliufuta ukurasa mzima wa baraza la wazee lililokuwa likitoa talaka kwa hotuba ndefu. Sasa, katika kambi ya Waondo, mume huamka asubuhi na kukuta vigingi vya hema vimeng'olewa upande wake tu, na kitambaa kimemwangukia usoni. Hakuna anayesema neno. Anachukua tandiko lake la farasi na kwenda kwa mama yake, na watoto wanaokwenda kuteka maji hujifanya hawakumwona.

Mila nyingine hukaa kwenye vitu vinavyosafiri, kwa kuwa ardhi haisafiri. Mtawa William wa Rubruck, aliyefika kwa Wamongolia katika safari yake ya 1253 hadi 1255, alieleza jinsi mwenzake alivyokanyaga kizingiti cha makao ya Möngke Khan, mtawala wao, wakati wa kutoka, akakamatwa na kuhojiwa. Alisamehewa kwa kuwa hakuonywa, lakini hakuruhusiwa tena kuingia humo. Mahali penye kizingiti hubadilika kila msimu, ila heshima yake haibadiliki. Chagua kitu kimoja cha namna hiyo na ukishikilie hadi mwisho wa kitabu. Kimoja kinatosha, na miungu yangu saba niliipunguza ikabaki mmoja, tena hatajwi sana.

Kuhusu lugha nitasema machache. Kiromani, lugha ya Waroma wa Ulaya, kina asili ya India, lakini neno lake la njia, drom, limetoka Kigiriki, na vivyo hivyo namba zake za saba, nane na tisa. Lugha ya wahamaji hubeba alama za walikopita, kwa hiyo Waondo wana maneno yao wenyewe kwa kila aina ya nyasi, ila ushuru, lango na gereza wameviazima kwa wenye miji.

Na kwa kuwa nimewataja Waroma, naomba tuachane na mhamaji mpiga ramli anayeiba kuku. Picha hiyo iliwaandama watu ambao katika Moldavia na Wallachia, huko Ulaya ya Mashariki, walimilikiwa kama watumwa hadi miaka ya 1850. Ukitaka wenye miji katika hadithi yako wawaseme hivyo wahamaji wako, sawa, lakini msimulizi asikubaliane nao.

Kilichonisumbua zaidi kilikuwa mazishi. Niliwapa makaburi ya mawe na dua ya kila mwaka, kisha nikahesabu siku za safari na kuona kwamba siku ya dua wao wako mbali, mwendo wa miezi mitano. Niliacha kuandika kwa wiki kadhaa. Mwishowe niliamua kwamba Mwondo akifia njiani, kisima kilicho karibu hupewa jina lake, na mtoto anayefundishwa njia hukariri visima kwa mfuatano, ndiyo kusema anakariri marehemu. Desturi hiyo ilinipendeza kwa siku mbili tu, mpaka nilipojiuliza itakuwaje mtu wa ukoo mwingine akifia kwenye kisima ambacho tayari kina jina. Ugomvi huo, wa koo mbili zinazokiita kisima kimoja kwa majina mawili na kupotezana njia kwa makusudi, ndio sasa sura yangu ya kwanza.