Kabla hujaomba nafasi kwenye maabara ya uraibu wa pombe

Tangu nirudi Tanga, wanafunzi kadhaa wa sayansi wamenifuata kuniuliza namna ya kuingia kwenye maabara ya chuo kikuu inayochunguza ubongo na uraibu wa pombe. Nilifanya kazi kwenye maabara kama hiyo kwa miaka miwili, nilipokuwa masomoni Marekani. Mimi huwauliza kwanza: una mtu wako? Kwa sababu wengi tuliokuwa kule tulikuwa na mtu wa karibu aliyenaswa na pombe.

Wangu ni mjomba, mgema wa Pangani. Alifika mahali akawa hawezi kushika kikombe cha chai asubuhi mpaka azimue. Tukaamua kumfungia chumbani kwa bibi, Ngamiani, ili aache. Usiku wa pili akaanguka, mwili ukakakamaa na kutikisika. Wengine wakasema kapandisha mashetani, aitwe fundi. Bahati njema shangazi akashinda ubishi, tukamkimbiza hospitali, akapona.

Maabara ndiyo iliyonifundisha tulichomfanyia. Pombe huipa nguvu GABA, kemikali inayotuliza seli za ubongo, na huidhoofisha glutamati, inayozichangamsha. Ukinywa kila siku kwa miaka, ubongo hujirekebisha uendane na pombe: utulivu wake wenyewe hupungua, mchangamko huongezeka. Pombe ikikatwa ghafla, ubongo unabaki kama gari lililokanyagwa mafuta na breki hazishiki. Kwa hiyo, ndugu msomaji, hata kama maabara haikuhusu, mlevi wa miaka anayetetemeka akikosa pombe usimfungie ndani. Mpeleke hospitali. Zipo dawa za kumvusha siku hizo, diazepamu mojawapo, na hupewa pia vitamini B1.

Sasa kazi yenyewe. Miezi yangu ya mwanzo nilipima chupa. Kila kizimba cha panya kina chupa mbili, moja ya maji matupu, nyingine ya maji yenye pombe. Unazipima kwa mizani kabla na baada, unaandika. Kesho yake unazibadilisha upande, kwa kuwa wapo panya wanaopenda upande tu, si kinywaji. Na kizimba kimoja kinakaa kitupu na chupa zake, ili ujue ni kiasi gani kinachodondoka chenyewe bila kunywewa. Panya huchangamka gizani, basi mchana wao hugeuzwa usiku, nawe unafanya kazi chini ya taa nyekundu wasiyoiona vizuri. Kama huna subira ya kazi hiyo, tafuta nyingine mapema.

Kuna aina ya panya wa maabara iitwayo C57BL/6, wanaifuata pombe wenyewe. Wapo wengine, DBA/2, wanaikwepa. Chupa zilezile, chakula kilekile; tofauti yao ni ya kuzaliwa nayo. Nilipoliona hilo kwa macho yangu niliacha kusema mjomba hana haya.

Jambo jingine uambiwe mapema: mara nyingi, mwisho wa jaribio panya huuawa ili ubongo wao uchunguzwe. Jiulize moyo wako unaweza. Kijana mmoja wa hapa Chumbageni, Mwislamu, aliniuliza pia kuhusu kushika pombe. Nilimshauri aongee na shehe wake, kisha amweleze msimamizi waziwazi, kwa sababu maabara hizi zina kazi nyingi zisizogusa chupa: kukata vipande vyembamba vya ubongo, kuviangalia kwa hadubini, kuchambua takwimu kwenye kompyuta.

Kuomba si kugumu kama watu wanavyodhani. Soma makala mbili za mkuu wa maabara. Mwandikie barua pepe fupi, utaje jaribio moja lililokugusa na swali ulilobaki nalo, na saa unazoweza kutoa kwa wiki. Usimwandikie kwamba unataka kutokomeza ulevi duniani. Uliza nani atakayekufundisha kila siku, maana mara nyingi si profesa, ni mwanafunzi wa shahada ya uzamivu (PhD), na huyo ndiye atakayekukuza au kukukatisha tamaa.

Utaulizwa kwa nini unaitaka kazi hii. Mtaje mtu wako, lakini mgeuze awe swali. Mimi nilisema: mjomba wangu alianguka usiku wa pili baada ya kuacha pombe, na ninataka kujua kwa nini hakuanguka saa ileile aliyoacha.