Geuza kichwa kwanza: kwa mnaoanza kukusanya mimea Kigoma

Safari yangu ya kwanza ya kukusanya mimea, nilirudi kutoka Kasulu na mafungu 11 ya vichwa vya maua ya manjano, yote nimeyaandikia jina moja: Senecio, kundi mojawapo la jamii ya alizeti. Mzee aliyekuwa akinifundisha kazi aliyapanga mezani, akayapindua moja moja, akatenga matatu. "Kijana, haya ndiyo. Hayo mengine umeyabatiza tu."

Nilikuwa nimefuata rangi. Katika jamii ya alizeti rangi inadanganya sana. Unachokiita ua ni kichwa kilichojaa vijiua vingi, na cha kukitofautisha na ndugu zake kiko chini, kwenye kikombe cha vijani kinachokishika.

Kabla hujatoa lenzi, vunja bua. Likitoa utomvu mweupe, uko kwa mchunga na wenzake, na huo mama yeyote wa mboga atakuonyesha. Mbegu ziking'ang'ania suruali, hiyo kishona nguo. Hizi tunazozitafuta, Senecio na ndugu zake Crassocephalum na Emilia, hazina maziwa, na mbegu zake hubeba nywele nyeupe laini za kupeperukia. Jina Senecio limetoka hapo: kwa Kilatini senex ni mzee.

Sasa geuza kichwa. Vijani vya kikombe vimesimama safu moja, vinalingana kama fito za uzio. Shuka mpaka kikombe kinapoungana na kikonyo. Ukikuta vijani vingine vifupi vimejibana hapo, ni Senecio au Crassocephalum. Pakiwa patupu, fikiria Emilia. Mafungu yangu mengi yalianguka hapa, kwa sababu Emilia si zile za rangi ya chungwa peke yake. Zipo za manjano zenye vijiua vya pembeni vyenye ulimi kama petali. Emilia abyssinica vitabu vya zamani viliiita Senecio abyssinicus, kwa hiyo ukikuta majina mawili usidhani ni mimea miwili.

Crassocephalum haina vile vijiua vya pembeni vyenye ulimi. Kichwa chake ni kama brashi ndani ya mrija. C. crepidioides (C. ni kifupi cha Crassocephalum), inayowahi kuota shamba likishafyekwa, huinamisha vichwa na ncha zake zina rangi ya tofali. C. rubens ni ya zambarau. Ile ya manjano inayopenda maji, C. picridifolium, itafute kwenye majimaji. Kuinama na rangi andika palepale shambani. Ukishabana mmea kwenye magazeti kichwa kinanyooka, rangi inafifia, na ukifika nyumbani utaanza kukisia. (Nimekisia. Nilikosea.)

Mkitafuta picha kwenye intaneti mtaletewa sana mmea wa Uingereza, Jacobaea vulgaris, iliyokuwa ikiitwa Senecio jacobaea, yenye vijiua vya pembeni 13 kwa kawaida. Msilazimishe mmea wa Buhigwe ufanane nayo. Lakini namna wenzetu wanavyoitenganisha na ndugu zake inafaa kuigwa: wanaangalia mbegu. Kwenye J. vulgaris, mbegu za vijiua vya pembeni hazina vinyweleo kwenye ganda, za katikati zinavyo. J. erucifolia inavyo kwenye zote. J. aquatica, inayoota kwenye malisho yenye unyevu, karibu zote ni kipara. Mimea mitatu ya manjano, ukisimama mbali huijui ipi ni ipi, na jibu liko kwenye kitu kidogo kuliko punje ya mchele.

Watu watawauliza kama inaliwa. Majani ya Crassocephalum huchumwa kuwa mboga sehemu nyingi za Afrika, ila kundi hili lote, Senecio na Emilia wakiwemo, lina sumu zinazoharibu ini polepole, na kuchemsha hakuziondoi kwa uhakika. Mimi husema wazi hivyo, halafu naendelea na kazi. Msiwe wepesi kumwambia mtu "hii ni salama" kwa mmea ambao hata jina lake hamjalimaliza.

Kwa hiyo msikate ua peke yake. Ng'oa mmea mzima, mzizi na jani la chini kabisa, kwa kuwa majani ya juu ya Emilia huwa yanakumbatia bua na ya chini yana sura nyingine. Tafuteni mmea wenye kichwa kichanga na kilichokomaa pamoja. Kile kilichokomaa kitieni kwenye bahasha ya gazeti kabla ya kubana, maana kikikauka kinafumuka, na upepo wa jioni kutoka ziwani hautakusubiri ufunge dirisha.