Maswali ya Wasomaji: Je, inafaa kuifungia Datsun ya zamani mfumo mpya wa cheche?

SWALI: Ndugu Fundi, shikamoo. Ninaishi Uyole, Mbeya, na nimeachiwa na baba yangu mkubwa Datsun 160J SSS ya mwaka 1976, yenye injini ya L16 na kabureta mbili, ambayo mpaka leo inatumia pointi (swichi ndogo inayokata umeme wa koili ili cheche itokee) na kondensa. Asubuhi za Juni na Julai inasumbua kuwaka, na ninapopanda Mlima Nyoka kwa kukanyaga mafuta sana inamisi na kutoa moshi mweusi. Fundi wangu wa Mwanjelwa ananishauri niagize seti nzima ya mfumo wa elektroniki, yaani kifaa cha kuondoa pointi, koili ya mbio, boksi la kuongeza cheche, nyaya nene za plagi na plagi zenye ncha nne. Gharama yake inakaribia ya kufanyia injini matengenezo makubwa. Je, nitapata nguvu zaidi na kupunguza matumizi ya mafuta? Nina nia pia ya kulipeleka gari hili Dar es Salaam mwishoni mwa mwaka.

JIBU: Marahaba, kijana wangu. Umerithi gari lenye jina kubwa katika ukanda wetu, kwa kuwa ni Datsun wa ukoo huo wa Violet na 160J walioshinda Safari Rally mara nne mfululizo, kuanzia 1979 hadi 1982, Shekhar Mehta akiwa nyuma ya usukani. Kwa hiyo nitakujibu kwa kirefu. Katika vitu vitano ulivyotajiwa, kimoja tu ndicho ninachokishauri, nacho ni kifaa cha kuondoa pointi, na hata hicho usikifunge kabla hujaikagua distributa yenyewe, yaani kifaa kinachogawa cheche kwa kila silinda.

Kazi ya cheche ni kuuwasha mchanganyiko wa hewa na petroli ulio ndani ya silinda. Mchanganyiko huo ukishashika moto vizuri, nguvu inayoisukuma pistoni inatoka kwenye petroli, na cheche kubwa zaidi haiongezi chochote. Koili inayotangazwa kuwa na volti 40,000 haitoi volti hizo kila mara, kwa sababu umeme hupanda mpaka pale unapoweza kuruka nafasi ya plagi, kisha unaruka na kuishia hapo. Katika injini kama yako, isiyo na tabo (turbo), kwa kawaida cheche huruka chini ya nusu ya kiwango hicho. Kinachobadilisha nguvu ya injini ni wakati ambao cheche inatokea, pamoja na uhakika kwamba haikosi hata mara moja.

Hapo ndipo mahali unapoishi panapoingia katika hesabu, na ninasikitika kwamba mafundi wetu wengi hawalizingatii. Mbeya iko kwenye mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa takriban asilimia 15. Silinda inayovuta hewa nyepesi hujenga mgandamizo mdogo, na kadiri mgandamizo unavyopungua ndivyo cheche inavyoruka kwa urahisi. Maana yake ni kwamba koili yako ya kawaida inafanya kazi nyepesi Uyole kuliko ambavyo ingefanya Kariakoo, na anayekuuzia koili ya mbio kwa hoja ya milima amegeuza mambo. Kabureta, kwa upande mwingine, haina habari kwamba hewa imepungua. Inaendelea kumwaga petroli karibu kama ilivyopangiwa usawa wa bahari, na mchanganyiko unakuwa mzito kwa asilimia nane hivi. Moshi mweusi unaouona Mlima Nyoka ni petroli iliyozidi, na masizi yake yanapoganda kwenye plagi hupitisha umeme pembeni ili cheche isiruke. Zifungue plagi zako baada ya kupanda mlima: zikiwa nyeusi na kavu, anza na kabureta. Punguza mafuta kwa nati zilizo chini ya kabureta, zote mbili kwa kiasi sawa, na uhakikishe kwamba choki inarudi yote, maana kwenye magari ya umri huu waya wake hukwama mara nyingi.

Baada ya hapo nenda kwenye distributa. Shika mhimili wake juu, penye rota, na uutikise. Ukicheza upande kwa upande, bushi zimekwisha na cheche za silinda nne haziwezi kulingana hata ukinunua kifaa cha bei gani. Izungushe rota kwa mkono kuelekea upande inakozungukia na uiachie: isiporudi yenyewe, vyuma vya kuwahisha cheche vilivyo chini vimeganda kwa grisi ya miaka mingi, na injini inakimbia kwa cheche iliyochelewa. Vuta hewa kwa mdomo kwenye mpira wa vakyumu na uangalie kama bamba la pointi linasogea na kubaki hapo. Likirudi huku bado umeziba mpira kwa ulimi, utando umepasuka. Nimeona magari mengi ambayo wenyewe wanalalamikia pointi, kumbe ugonjwa ni mmoja kati ya hayo matatu. Tazama pia kifuniko cha distributa kwa tochi, kwani ufa mwembamba kama unywele, ukichanganyika na unyevunyevu wa asubuhi, unatosha kuiba cheche yote.

Kuhusu kuwaka kwa shida wakati wa baridi, pima kwanza betri wakati stata inazunguka. Ikishuka chini ya volti tisa na nusu, koili haina cha kutumia. Mfumo wa gari lako una rezista inayopunguza umeme wa koili injini inapotembea, na waya mwingine unaoipita rezista hiyo wakati wa kupiga stata ili koili ipate umeme wote wa betri. Waya huo ukikatika, gari litasumbua kila asubuhi yenye baridi na kuwaka vizuri mchana. Rezista yenyewe ikikatika, injini itashika ukiwa umeshikilia ufunguo, kisha itazima mara tu unapouachia. Kubadilisha vitu hivyo viwili ni kazi ndogo.

Yote hayo yakiwa sawa, sasa kifaa cha kuondoa pointi kina maana, nami ninakishauri kwa moyo wote. Pointi za L16 zinatakiwa ziachane kwa milimita 0.45 hadi 0.55. Kipande kinachosuguana na kamu huisha polepole, nafasi inapungua, na cheche inachelewa kidogo kidogo bila dereva kutambua. Injini ikifika mizunguko 6,000 kwa dakika, pointi zinafunguka na kufunga mara 200 kila sekunde, na koili inapata chini ya sekunde tatu za elfu kujijaza. Spring iliyochoka hairudi kwa wakati, na injini inaanza kumisi kwa kasi ya juu. Vifaa kama Pertronix hutumia pete yenye sumaku na kisoma-sumaku badala ya pointi. Lumenition hutumia mwanga. Vyote viwili havina sehemu inayosuguana, kwa hiyo taimingi, yaani wakati wa cheche, uliyoiweka leo inabaki hapo. Utakachopata ni injini inayotulia, inayowaka upesi na isiyohitaji kupangwa kila baada ya miezi michache. Mafuta yatapungua kwa kiasi kile tu ambacho pointi mbovu zilikuwa zinapoteza.

Kuwa mwangalifu na mambo machache wakati wa kufunga. Kifaa cha namna hiyo kinataka volti 12 kamili, kwa hiyo waya wake wa umeme uunganishwe kabla ya rezista. Koili isiwe na ukinzani mdogo kuliko ulioandikwa na mtengenezaji wa kifaa, la sivyo kitaungua. Usiache ufunguo ukiwa umewashwa huku injini imezima, hata kama unasikiliza redio. Pointi zako nzuri pamoja na kondensa uzifunge kwenye kitambaa na kuziweka garini daima. Pointi zikichoka Chimala au Makambako, fundi yeyote atazisugua kwa msasa na utaendelea na safari, lakini kifaa cha elektroniki kikifa hakuna wa kukitengeneza barabarani.

Boksi la kuongeza cheche, kama MSD 6A, hupiga cheche kadhaa mfululizo injini ikiwa chini ya mizunguko 3,000, na juu ya hapo hupiga moja tu kama kawaida. Lina faida kwenye injini ya mashindano yenye kamu kali. Kwenye L16 ya barabarani litakufichia tatizo la kabureta. Plagi za ncha nne ziache. Cheche huruka kwenye ncha moja tu kwa wakati mmoja. Tumia NGK BP6ES. Nyaya zibadilishe ikiwa za sasa zimekauka, kwa nyaya za kawaida zenye ukinzani, na unene wa mpira usikushawishi.

Kuhusu safari ya Dar es Salaam, huku juu injini inavumilia cheche iliyowahi zaidi kwa nyuzi mbili au tatu, na fundi anaweza kukuwekea hivyo ili gari liwe jepesi kupanda. Ukishateremka Kitonga na kuingia kwenye joto la Mbuyuni, hewa inakuwa nzito na injini ileile inaweza kuanza kugonga. Weka alama ya rangi kwenye distributa mahali pa taimingi ya kiwandani, na uirudishe hapo kabla ya kushuka. Nati za kabureta nazo zirudishwe, kwa kuwa mchanganyiko uliopunguzwa kwa ajili ya Mbeya utakuwa mwepesi mno Morogoro, na mchanganyiko mwepesi huunguza vali.

SWALI: Nina Toyota Chaser Tourer V ya mwaka 1997 hapa Njombe, injini 1JZ-GTE. Tangu niongeze msukumo wa tabo inamisi ninapokanyaga mafuta yote. Je, ninunue koili kubwa?

JIBU: Huenda ukazihitaji, kwa sababu tabo inarudisha ule mgandamizo ambao mwinuko umeupunguza na kuuzidisha, na cheche hupata shida kuruka. Anza na plagi mpya zenye nafasi ya milimita 0.7 hadi 0.8. Kisha kagua soketi za koili, ambazo plastiki yake huvunjika kwa joto. Hamisha koili unayoishuku kwenye silinda nyingine: kumisi kukihama nayo, umepata mbovu. Ikiwa koili zote sita ni nzima, soketi zimeshika na gari bado linamisi, hapo nunua.